Mguu wa Mfalme uliokosa fainali ya Wembley 1949

LONDON, Aprili 30, 1949. Uwanja wa Wembley umefurika watu karibu 100,000 na filimbi ya mwisho imeshapulizwa. Wolverhampton Wanderers, wengi huwaita Wolves, wameichapa Leicester City mabao 3-1. Nahodha wao, Billy Wright, anapanda ngazi kwenda jukwaa kuu kuchukua Kombe la FA. Anayemkabidhi ni mwanamke kijana aliyetimiza miaka 23 siku tisa tu zilizopita. Anaitwa Elizabeth, na wakati huo bado ni binti mfalme, hajawa malkia.

Picha ya tukio hilo bado inazunguka mpaka leo kila Wolves wanapokumbuka enzi zao. Kitu ambacho mashabiki wengi hawakiulizi ni kwamba baba yake alikuwa wapi siku ile. Mwaka mmoja nyuma, Aprili 1948, Mfalme George VI mwenyewe alikuwa Wembley na alimkabidhi kombe Johnny Carey wa Manchester United, baada ya United kuitandika Blackpool 4-2. Mwaka uliofuata, 1950, alikuwapo tena na kombe akampa Joe Mercer wa Arsenal. Katikati hapo kuna pengo.

Pengo hilo lilisababishwa na mguu wa kulia wa Mfalme. Wiki saba kamili kabla ya fainali, Jumamosi ya Machi 12, 1949, madaktari walimlaza kwenye chumba kilichogeuzwa kuwa cha upasuaji ndani ya Kasri la Buckingham, wakampasua na kukata neva zilizokaa pembeni mwa uti wa mgongo. Hawakuugusa mguu wenyewe, wala mishipa ya damu iliyokuwa imeziba. Walikata neva, na mguu ukapata joto.

Kwa shabiki wa kawaida hilo linasikika kama uganga. Unakataje neva kiunoni mguu ukapona? Tena upasuaji wa ukoo huo huo, miaka mingi baadaye, ukaja kufanywa kwa watu wanaosumbuliwa na jasho la viganja, tatizo ambalo kipa yeyote mwenye nalo analijua uchungu wake.

Damu ya Revie, damu ya Mfalme

Kwanza mpira wenyewe, maana fainali ile haikuwa ya kitoto.

Leicester walikuwa Daraja la Pili, tena wakipigana wasishuke. Msimu ule walimaliza nafasi ya 19 na kunusurika dakika za mwisho. Lakini kwenye kombe walikuwa watu wengine kabisa. Nusu fainali waliishangaza Portsmouth, timu iliyotwaa ubingwa wa Ligi msimu huo huo, kwa kuifunga 3-1. Mabao mawili alifunga Don Revie, huyo huyo ambaye baadaye aliifanya Leeds United kuwa tishio na kisha kuinoa England.

Fainali Revie hakucheza. Mshipa wa damu ulipasuka puani, damu ikamtoka kwa wingi mpaka akalazwa hospitali. Yaani mwaka ule mishipa ya damu iliamua kuiharibia fainali pande zote mbili: mchezaji bora wa Leicester damu ilikataa kukatika, na mgeni rasmi damu ilikataa kufika mguuni.

Bila Revie, Leicester walipelekeshwa kipindi cha kwanza. Jesse Pye alizifumania nyavu mara mbili. Mal Griffiths akarudisha moja mara tu baada ya mapumziko, na Wembley ikaanza kuchemka. Ken Chisholm akapachika lililodhaniwa kuwa la kusawazisha, kibendera kikapanda juu: ameotea. Muda mfupi baadaye Sammy Smyth, mtoto wa Ireland ya Kaskazini, akauchukua mpira, akakokota na kuwapita mabeki kama hawapo, akamaliza kazi. Kocha Stan Cullis, aliyekuwa na miaka 32 tu na msimu wake wa kwanza kwenye benchi, akaondoka na kombe.

Miaka 72 ilipita kabla Leicester hawajalishika kombe hilo, mwaka 2021, kwa shuti la Youri Tielemans dhidi ya Chelsea. Hiyo ni habari ya siku nyingine.

Ganzi isiyoisha

Mfalme George VI alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Katika mwaka 1948 miguu ilianza kumkaza na kumuuma, na kufikia Oktoba unyayo wa kushoto ulikuwa na ganzi mchana kutwa, usiku maumivu yakimnyima usingizi. Baadaye tatizo likahamia mguu wa kulia na huko ndiko lilikokuwa baya zaidi.

Novemba 12, 1948 madaktari walimchunguza kwa kina. Mmoja wao alikuwa James Learmonth, profesa wa upasuaji kutoka Edinburgh, Scotland, bingwa wa mishipa ya damu na neva. Walichokuta kiliwatisha. Mishipa inayopeleka damu miguuni ilikuwa imekakamaa na kuwa myembamba, na waliogopa nyama za mguu wa kulia zingeanza kufa na kuoza. Neno la kukata mguu lilitajwa. Mfalme hakutaka binti yake ajue, kwa sababu Elizabeth alikuwa anakaribia kujifungua. Siku mbili baadaye alizaliwa mtoto wa kiume, Charles, mfalme wa sasa wa Uingereza.

Siku chache baadaye ikatangazwa kwamba ziara ya Mfalme ya Australia na New Zealand haitafanyika. Akaamriwa kulala. Alikaa kitandani wiki nyingi, hali ikatulia, mguu haukukatwa. Lakini mtu mwenye miaka 53 hawezi kuishi maisha yake yote amelala, na Machi Learmonth na wenzake wakasema dawa ni kukata neva.

Mtu aliyekanyaga mpira wa maji

Fikiria mpira wa kumwagilia bustani. Maji yanatoka kidogo. Sababu zinaweza kuwa mbili: ama kuna mtu ameukanyaga kwa nje, ama ndani kumejaa uchafu.

Mwilini, mtu huyo aliyekanyaga mpira yupo kweli. Ukitazama pande zote mbili za uti wa mgongo, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, kuna mnyororo wa neva wenye vifundo vidogovidogo, mithili ya shanga zilizotungwa kwenye uzi. Madaktari huziita neva za simpathetiki. Hizi huziongozi wewe kwa kutaka. Zinafanya kazi zenyewe, usingizini na macho, na ndizo zinazokuandaa kupambana au kukimbia. Mchezaji anaposimama kwenye alama ya penalti na moyo ukaenda mbio, viganja vikalowa na vidole vikawa baridi, kazi hiyo ni yao. Zinaongeza mapigo ya moyo, zinafungulia tezi za jasho, na zinabana mishipa midogo ya damu kwenye ngozi ya mikono na miguu.

Ukizikata zile za kiunoni, aliyekanyaga mpira ameondolewa. Mishipa midogo ya mguu inalegea, damu inapita kwa wingi zaidi kwenye ngozi, mguu unapata joto na unakuwa mkavu kwa sababu tezi za jasho nazo zimekosa amri. Kidonda kidogo kilichokuwa hakifungi kinaweza kupata damu ya kukifunga.

Lakini kama ndani ya mpira wa maji kumejaa uchafu, uchafu uko palepale. Hapo ndipo kisa cha Mfalme kilipokuwa na mtego wake.

Sungura wa Paris, askari wa Lyon

Ujuzi huu haukuanzia kwa Learmonth. Mwaka 1851 Mfaransa Claude Bernard alikata neva ya shingoni ya sungura, akaona sikio la upande ule limekuwa jekundu na la moto. Mwaka uliofuata, Charles-Édouard Brown-Séquard akafanya kinyume: alizisisimua neva hizo kwa umeme, mishipa ikabana na sikio likapoa. Kwa faida ya wasomaji wa pwani, Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, Mauritius, kwa hiyo Bahari ya Hindi nayo ina mkono wake humu.

Halafu akaja René Leriche, daktari wa upasuaji wa Lyon, mji ambao mashabiki wa leo wanaujua zaidi kwa timu yake. Kuanzia mwaka 1913 Leriche alikuwa akichuna neva zilizozunguka mishipa mikubwa ya damu. Vita Kuu ya Kwanza ikamletea askari waliopigwa risasi wakajeruhiwa neva, vidonda vimepona lakini mkono unaunguza kama umetiwa kwenye makaa, mtu hawezi hata kuvumilia shuka limguse. Baadhi yao, baada ya neva zile kukatwa, walipata nafuu. Leriche akaanza kusema jambo ambalo wenzake wengi hawakulitaka: kwamba maumivu yenyewe ni ugonjwa, si alama tu ya ugonjwa.

Sydney nako kulikuwa na kisa chao. Daktari Norman Royle na mtaalamu wa maumbile ya mwili John Hunter walikuwa wakijaribu kulegeza miguu ya watu waliokakamaa kwa kupooza. Walikata neva za simpathetiki wakitegemea misuli italegea. Misuli haikulegea vile walivyotarajia. Ila waligundua mguu umekuwa wa joto. Ni kama kupiga krosi ikakosa kichwa cha straika halafu ikazama wavuni yenyewe. Hunter alifariki kwa homa ya matumbo mwaka 1924 akiwa na miaka 26 tu, lakini wazo lao lilikuwa limeshafika Marekani, kwenye Kliniki ya Mayo, ambako Alfred Adson alianza kulitumia kwa wagonjwa ambao vidole vyao hugeuka vyeupe na kufa ganzi kila baridi inapopiga.

Na ni nani alikwenda Mayo kujifunza chini ya Adson? James Learmonth. Pasi zilitoka Paris, zikapita Lyon na Sydney na Marekani, mpaka zikafika kitandani kwa Mfalme.

Kisu na upanga

Upasuaji wa Machi 12 ulikwenda salama. Learmonth alipita ubavuni, akasogeza matumbo kando bila kuyafungua, akafika pembeni mwa pingili za kiuno, akautoa ule mnyororo wa neva wa upande wa kulia. Leo vijana wa udaktari wangefanya kazi hiyo kwa matundu madogo na kamera, au kwa sindano yenye dawa ya kuiua neva. Mwaka 1949 ilikuwa ni kupasua.

Inasimuliwa kwamba siku ya uchunguzi wa mwisho, Mfalme alichomoa upanga aliokuwa ameuficha karibu na kitanda, akamwambia Learmonth kwamba yeye alimtumia kisu, sasa ni zamu yake kutumiwa. Akampiga bega na kumfanya Sir James palepale, mgonjwa akiwa amevaa nguo za kulalia.

Aprili 30 ilipofika, Mfalme alikuwa bado anajiuguza, na kombe likakabidhiwa na bintiye. Juni, kwenye gwaride la kusherehekea siku yake ya kuzaliwa, alitokea akiwa ndani ya gari la farasi, hakupanda farasi. Na Aprili 29, 1950 alikuwapo Wembley, mvua ikinyesha, Arsenal ikiifunga Liverpool 2-0 kwa mabao ya Reg Lewis, na kombe akamkabidhi Mercer kwa mikono yake. Kwa mtu ambaye miezi 17 nyuma aliambiwa anaweza kupoteza mguu, kupanda ngazi za Wembley halikuwa jambo dogo.

Viganja vya kipa

Hapa ndipo habari inapowahusu wanaocheza leo.

Kuna watu ambao neva hizi zinafungulia jasho bila sababu. Si joto, si mazoezi. Anakaa kivulini, viganja vinachuruzika. Akiandika, karatasi inalowa. Akipewa mkono, anaukwepa. Si wengi, ni watu wachache katika kila 100, lakini wanaoteseka wanateseka kweli, na mara nyingi tatizo huanza utotoni au balehe. Kwa kipa, glovu zinasaidia kwa nje, ndani ni bwawa. Kwa mrusha mipira mirefu ya pembeni, mpira unateleza. Wengine wanaambiwa ni waoga, hawana moyo wa mechi kubwa, kumbe ni neva tu.

Tangu miaka ya 1920 madaktari walijua kwamba ukikata neva za simpathetiki za kifuani, viganja vinakauka. Kufungua kifua kwa ajili ya jasho ilikuwa ni kazi kubwa kupita tatizo lenyewe. Mambo yalibadilika miaka ya 1980 na 1990 kamera ndogo zilipoingia vyumba vya upasuaji. Mgonjwa analazwa kwa dawa ya usingizi, matundu madogo yanatobolewa kwapani, pafu linasinyazwa kidogo ili kupisha nafasi, daktari anauona mnyororo wa neva juu ya mbavu, kwenye usawa wa ubavu wa pili mpaka wa nne, anaukata, anauunguza au anaubana kwa kibanio. Anahamia upande wa pili. Mgonjwa akiamka, viganja ni vikavu. Mara nyingi vinabaki hivyo.

Inavutia sana, na ndiyo maana watu walikimbilia. Kisha bili ikaja.

Mwili ukizuiwa kutoa jasho juu, unatafuta mlango mwingine. Wengi waliofanyiwa upasuaji huu huanza kutoka jasho mgongoni, tumboni, kiunoni na mapajani. Kwa wengi ni kidogo, wanavumilia na wanasema wasingerudi nyuma. Kwa baadhi ni balaa: wanabadilisha shati mara kadhaa kwa siku, wanajuta, wanaomba waunganishwe neva yao. Kuiunganisha tena ni kazi ngumu isiyo na uhakika, na hata kibanio kikitolewa, neva iliyobanwa haina ahadi ya kuamka. Nchini Sweden, moja ya nchi zilizoueneza upasuaji huu, wagonjwa walipaza sauti mpaka ukapungua sana. Taiwan, ambako ulifanywa kwa wingi, serikali iliuzuia mwaka 2004 kwa vijana walio chini ya miaka 20.

Kuna hatari nyingine, ingawa si ya mara kwa mara. Daktari akipanda juu kupita kiasi na kugusa kifundo cha karibu na shingo, kope la jicho moja linaning'inia na mboni inabaki ndogo. Hewa inaweza kubaki kifuani. Damu inaweza kuvuja.

Kwa mchezaji yapo mawili zaidi ambayo mtu wa ofisini hayamsumbui sana. La kwanza ni moyo. Neva za kifuani ndizo hizo hizo zinazoupa moyo amri ya kwenda kasi. Zikikatwa pande zote mbili, mapigo ya juu kabisa wakati wa mazoezi makali yanaweza kushuka kidogo, mithili ya mtu aliyemeza vidonge vya kutuliza moyo, vile ambavyo vimepigwa marufuku kwenye mashindano ya kulenga shabaha kwa sababu vinatuliza mkono. Winga hahitaji mkono uliotulia. Anahitaji injini.

La pili ni joto. Jasho ndilo feni ya mwili. Mchezaji asiyetoka jasho kichwani, kifuani juu na mikononi, akicheza saa kumi jioni Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari, anategemea mgongo na mapaja kumpoza. Kwa raha ya kudaka mpira bila kuteleza, ameiuza sehemu ya feni.

Ndiyo maana daktari makini hamwanzi mgonjwa na kisu. Kuna dawa za kupaka zenye chumvi ya alumini. Kuna tiba ya kutumbukiza viganja kwenye maji yanayopitishwa umeme mdogo, inafanywa mara kwa mara kwa wiki kadhaa na inawasaidia wengi. Kuna sindano za botoksi ambazo hukausha jasho kwa miezi kadhaa kisha zinaisha, na kuna vidonge. Zote zina kero zake. Sindano za kiganjani zinauma si mchezo. Ila zote zina sifa moja: zikikuchosha, unaacha. Kisu huwezi kukiacha baada ya kukatwa.

Kwa upande wa maumivu hali inafanana. Wapo watu, wachezaji wakiwamo, ambao baada ya kuvunjika kifundo cha mguu au mkono mfupa unaunga lakini kiungo kinabaki kinaunguza, kimevimba, kinabadilika rangi, wakati mwingine baridi wakati mwingine moto. Ni ndugu wa yale maumivu ya askari wa Leriche. Leo wanaanza na mazoezi ya tiba na dawa, na ikibidi sindano ya ganzi kwenye neva za simpathetiki ili kuona kama kuna nafuu. Kuzikata moja kwa moja kumekuwa ni jambo la nadra, kwa sababu maumivu yana tabia ya kurudi, tena pengine kwa sura mpya.

Na kwa miguu iliyokosa damu, kama ya Mfalme, siku hizi mishipa yenyewe inazibuliwa kwa puto dogo au inawekewa njia mbadala. Upasuaji wa Learmonth umebaki kwa wale ambao njia hizo haziwezekani, hasa wagonjwa wa Buerger, ugonjwa unaoziba mishipa midogo ya mikono na miguu na kuwakamata zaidi wanaume vijana wanaovuta sigara. Hao, daktari yeyote atawaambia, neva ikikatwa na sigara ikaendelea, vidole vitaondoka kimoja baada ya kingine.

Uchafu ndani ya mpira

Mfalme aliendelea kuvuta sigara.

Si haki kumlaumu kwa macho ya leo. Utafiti mkubwa wa Waingereza Richard Doll na Bradford Hill, uliounganisha sigara na saratani ya mapafu, ulichapishwa Septemba 1950, na hata ulipotoka wengi hawakuutilia maanani. Wachezaji wenyewe enzi zile walikuwa wanavuta chumba cha kubadilishia nguo, na sura zao zilikuwa kwenye kadi zilizowekwa ndani ya paketi za sigara. Lakini ukweli ni kwamba kisu cha Learmonth kilimwondoa aliyekanyaga mpira kwa nje. Uchafu wa ndani haukuguswa, na haukuwa mguuni tu.

Septemba 23, 1951, kwenye kasri lile lile, daktari mwingine, Clement Price Thomas, alilitoa pafu lote la kushoto la Mfalme. Lilikuwa na saratani.

Ziara ya Australia na New Zealand, ile iliyovunjwa kwa sababu ya mguu, ilipangwa upya, na safari hii Elizabeth na mumewe ndio wangekwenda badala yake, wakipitia Kenya. Januari 31, 1952 Mfalme alisimama uwanja wa ndege wa London kwenye baridi, kichwa wazi, akiwaaga. Usiku wa kuamkia Februari 6 Elizabeth alikuwa Treetops, ile hoteli iliyojengwa juu ya mti karibu na Nyeri, akitazama tembo na vifaru wakija kunywa maji. Usiku huo huo, Sandringham, damu iliganda kwenye mshipa wa moyo wa baba yake akafariki usingizini. Alikuwa na miaka 56. Habari zilimfikia Elizabeth mchana wake akiwa Sagana, nyumba ambayo serikali ya koloni la Kenya iliwapa walipooana. Alipanda mti akiwa binti mfalme, akashuka akiwa malkia, ila hakujua mpaka saa kadhaa baadaye. Mguu wa kulia ulikuwa bado upo.

Mei 3 mwaka huo Newcastle na Arsenal walikutana fainali ya Kombe la FA. Beki wa Arsenal, Wally Barnes, aliumia goti mapema, na kwa kuwa enzi hizo hakukuwa na wachezaji wa akiba, wenzake walipambana wakiwa 10 mpaka George Robledo wa Chile alipowamaliza kwa kichwa mwishoni mwa mchezo. Kombe alilikabidhi Waziri Mkuu, Winston Churchill.

Elizabeth alirudi Wembley kama malkia mwaka 1953, kwenye ile fainali ya Stanley Matthews, Blackpool wakitoka nyuma 3-1 na kuifunga Bolton 4-3. Nahodha aliyepanda ngazi kupokea kombe alikuwa Harry Johnston. Mwaka 1948 Johnston huyo huyo alisimama hapo chini akimtazama baba wa malkia akimpa kombe mtu mwingine.